Mlango Usiouliza Neno la Siri

Mwajabu Singano aliteremka kwenye gari la waya kituo cha mwisho, juu kabisa ya mlima, akavuta zipu ya koti mpaka kidevuni. Chini kule Mombo alikuwa amewaacha watu wakijipepea kwa kanga. Huku juu ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mabati ya nyumba, na kila aliyepita alijikunyata kama kuku aliyenyeshewa. Begani alikuwa na mfuko wa zana. Kwenye simu alikuwa na ujumbe wa mwanamke ambaye hajapata kumwona, ujumbe mfupi aliousoma na kuurudia njia nzima: "Mwanangu fundi, njoo. Sanduku linanikatalia kuingia. Mume wangu hanijui tena."

Nyumba haikumpa tabu kuipata. Langoni alikuwa ameketi mzee mmoja juu ya kigoda, koti zito limemfika magotini, kofia ya sufu kaisukuma nyuma ili isikifunike kidude cha kijivu kilichobandikwa nyuma ya sikio lake. Mwajabu alikitambua kwa mbali. Kilikuwa kinong'ono, na taa yake, ambayo ingepaswa kuwa ya kijani, ilikuwa imezimika.

"Shikamoo, baba."

Mzee aliinuka kwa haraka, uso umemchanua. Kisha akamwangalia vizuri, na ule uchangamfu ukamtoka polepole.

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe. Nilidhani ni yeye. Ukungu huu unatudanganya."

"Unamsubiri mtu?"

"Binti yangu. Yuko njiani."

Kabla Mwajabu hajajibu, mlango wa nyumba ulifunguka na mwanamke wa rika la mzee yule akatoka mbio mbio, ushungi umemlegea. "Ndiye fundi? Karibu, karibu ndani. Usisimame kwenye baridi." Akamshika mkono akamvuta, na walipopita sebuleni akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala: "Huyo ndiye mwenyewe. Huyo ndiye Kilua wangu."

*

Sanduku lilikaa kwenye rafu ya chumba cha kulala, kati ya chupa ya chai na Msahafu. Halikuwa kubwa kuliko boflo la mkate. Kila nyumba yenye mgonjwa wa kusahau ilikuwa na lake, kwa kuwa sheria ilikataza kumbukumbu za mtu kulala nje ya nyumba yake. Sheria hiyo ilipitishwa baada ya watu kugundua kwamba mambo ya wagonjwa wao yalikuwa yakiuzwa sokoni kama vitunguu.

Ndani ya sanduku mlikuwa na kanzidata, ghala la taarifa, na ndani ya kanzidata mlikuwa na Mzee Kilua Shemahonge: majirani zake wote, barabara zote alizozipima alipokuwa mpima ardhi, harusi alizohudhuria, dawa anazokunywa, wimbo anaoupenda na jirani ambaye hawaongei. Jicho dogo la kinong'ono lilipomwona mtu, kilikwenda kubisha hodi kwenye sanduku, kikaulizia, kisha kikamnong'oneza mzee sikioni: huyu ni fulani, mtoto wa fulani, jana alikuletea mapeasi. Mzee akasema, "Asante kwa mapeasi, bwana," na hakuna aliyejua kwamba nusu ya dakika iliyopita alikuwa hamjui.

"Radi ilipiga," mke wa mzee, Mama Semeni, alieleza, akimimina chai ya tangawizi bila kuuliza kama inatakiwa. "Likaungua lile la zamani. Akaja kijana wa shirika lenu na hili jipya, akahamisha kila kitu, taa ikawaka, akakimbilia gari la mwisho. Alipofika huko chini, huku juu kumekwisha kuharibika. Nikiingia, linakataa. Kinong'ono nacho kikibisha, linakataa."

"Hebu ingia nione, mama. Mimi nitageuka nisilione neno lako."

Mwajabu aligeukia dirishani. Alisikia vidole vya yule mama vikigonga kibodi, kimoja kimoja, kwa uangalifu wa mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Kisha pumzi ndefu.

"Umeona?"

Kwenye skrini palikuwa na mstari mmoja mwekundu: *Uthibitisho umeshindikana kwa mtumiaji kinongono.*

"Nimeliandika kwa herufi kubwa, nimeliandika kwa ndogo," Mama Semeni alisema. "Nimezima, nimewasha. Nimesoma Bismillahi. Neno ni lile lile nililopewa siku ya kwanza. Au siyo lile? Sijui tena."

Mwajabu aliketi, akafungua dirisha jeusi la amri, akaomba aone kumbukumbu za mlangoni, pale ambapo kanzidata huandika nani amebisha na amejibiwaje. Alizisoma huku akipuliza chai. Halafu akatabasamu, tabasamu la fundi aliyekwisha kuona mdudu yuko wapi.

"Mama, sogea hapa. Unaona? Umebisha mara nyingi mno, maskini. Lakini hakuna hata mara moja ambapo huyu wa ndani amekuuliza neno la siri."

"Hakuniuliza? Si kuna kisanduku hapo cha kuandikia?"

"Hicho ni cha skrini tu, ni pambo. Kanzidata ina bawabu wake, na bawabu ana kanuni zake. Mtu akibisha kutoka nje, kwa njia ya mtandao, bawabu anamuuliza neno. Lakini anayebisha kutoka humu humu ndani ya sanduku, kanuni inasema usimuulize neno, iulize mashine: huyu ni nani? Mashine ikilitaja jina lile lile alilojitambulisha nalo, anapita. Kwenye sanduku la zamani mashine ilikuwa inamwita *kinongono*, na kanzidata inamwita *kinongono*. Majina yanapatana. Huyu mwenzangu alipoweka jipya, mashine akaiambia imwite *fundi*. Basi anabisha, anasema mimi ni kinongono. Bawabu anaiuliza mashine, mashine inasema, la, huyu ni fundi. Anafukuzwa."

Mama Semeni alifikiri. "Kwa hiyo neno langu..."

"Neno lako ni sahihi, mama. Siku zote hizi lilikuwa sahihi. Hakuna aliyekuuliza tu."

Yule mama alijikalisha kitandani taratibu. Akaziba mdomo kwa kanga, na mabega yakaanza kumtikisika. Mwajabu alifikiri ni kicheko, kisha akaona si kicheko.

"Mama? Kuna nini?"

"Nilidhani na mimi yamenianza," alisema. "Nilikaa hapa usiku na mchana nikijiuliza, Mwantumu, hata neno moja umeshindwa kulishika? Na nikasema, mimi nikisahau, huyu atabaki na nani?"

Mwajabu hakuwa mtu wa kukumbatia wateja. Aliacha kibodi, akakaa pembeni yake kitandani, wakanywa chai pamoja mpaka mikono ya yule mama ilipotulia.

*

Kutengeneza, kama kawaida, kulikuwa na kona zake. Mwajabu aliongeza mstari mpya chini ya faili la kanuni, uliosema watu wa ndani nao waulizwe neno la siri. Akajaribu. Likakataa. Akajigonga paji la uso: bawabu husoma kanuni kutoka juu, na ya kwanza inayomfaa ndiyo anayoifuata, hashughuliki na za chini. Akaupandisha mstari juu. Likakataa tena.

"Mkaidi huyu," Mama Semeni alisema. Alikuwa amevuta kigoda karibu na sasa alikuwa akifuatilia kama mchezo wa mpira.

"Si mkaidi. Alizisoma kanuni alipoamka. Hajui kama zimebadilika mpaka aambiwe asome upya." Mwajabu akaandika amri ya kusoma upya.

Safari hii bawabu aliuliza. Mama Semeni aliandika neno, na jibu likaja tofauti: *Mtumiaji hana neno la siri.* Kijana aliyehamisha vitu alizibeba akaunti akaziacha nywila zake kwenye majivu ya sanduku la zamani. Bawabu sasa alikuwa anauliza, lakini hakuwa na cha kulinganisha.

"Basi imebaki njia moja," Mwajabu alisema, na sauti yake ikapoteza mzaha. Alichomoa kwanza waya wa mtandao, akauweka mezani mahali pa kuonekana. "Naandika neno hili hapa: *amini*. Kwa dakika chache bawabu hatauliza chochote. Yeyote aliyeketi kwenye meza hii akisema mimi ni fulani, ataaminiwa. Naingia, naweka nywila mpya, natoka, nalifuta. Sheria inaniruhusu, mradi mwenye nyumba yuko chumbani."

"Yeyote?"

"Yeyote."

Mama Semeni alikitua kikombe chake. Nje alisikika mzee akikohoa, kisha akiimba taratibu wimbo wa kikazi wa wapasua barabara.

"Hata ukisema wewe ni Kilua?"

Mwajabu aliondoa mikono kwenye kibodi.

"Mama, unataka kuniambia nini?"

"Nataka kukuambia kuhusu asubuhi zangu," alisema yule mama. Akainamisha kichwa, akawa anaukunjakunja upindo wa kanga. "Binti yetu anaitwa Semeni. Nilikaa miaka bila kuzaa, watu wakasema wee mpaka wakachoka. Alipozaliwa baba yake akasema basi na aitwe Semeni, wapate la kusema. Masika ya mwaka juzi alikuwa anapanda kuja kula Idi na sisi. Mlima ukashuka barabarani."

"Pole, mama. Pole sana."

"Nimeshapoa. Ninapoa. Yeye ndiye asiyepoa." Alionyesha nje kwa kidevu. "Asubuhi anaamka, ananiona. Kinong'ono kinamwambia, huyu ni mkeo, Mama Semeni. Anafurahi! Ananiita, Mama Semeni! Halafu jina lenyewe linamzindua. Anauliza, Semeni yuko wapi? Na kabla sijafungua kinywa, kidude kile kimeshamjibu. Nauona uso unavyobadilika. Amefiwa upya, mwanangu. Wengine huanua matanga. Sisi nyumba hii ina matanga kila siku anayotupa Mungu."

Mwajabu aligeukia dirishani, ambako ule wimbo ulikuwa bado unasikika.

"Tangu radi ipige hanijui. Ananiita dada. Nikimpa chai ananishukuru kama mgeni. Inaniuma. Lakini anaimba, unamsikia? Alikuwa haimbi tena. Akiuliza Semeni, namwambia yuko njiani, anacheka. Sasa wewe unarudisha vyote, na mimi nataka virudi, nataka anijue. Ila ule mstari mmoja. Futa mstari mmoja tu. Mimi siwezi, aliufunga, hakuna anayeufungua ila yeye. Lakini hapo umesema huyo bawabu ataamini."

"Aliufunga mwenyewe?"

Yule mama alichelewa kujibu, na Mwajabu alimheshimu kwa kuwa hakudanganya.

"Mwenyewe. Akili ilikuwa bado inakuja na kuondoka. Tulipotoka makaburini alikaa hapo ulipokaa akauandika. Akaniambia, Mwantumu, nikishasahau msinifanye mtoto mdogo. Lililo kweli niambiwe." Akainua macho. "Lakini yule aliyesema hivyo alikuwa hajui kwamba ataambiwa kila siku. Au siyo?"

*

Mwajabu aliandika *amini*, akamwambia bawabu asome upya. Halafu, mikono ikiwa mizito, akaandika jina ambalo halikuwa lake.

*Karibu, Kilua,* ilisema skrini.

Alikuwa amekwisha kuingia kwenye mamia ya kanzidata katika kazi yake, na hakuna hata moja iliyowahi kumpa haya. Hii ilimpa. Ilikuwa kama kuvaa viatu vya mtu ambavyo bado vina joto.

Kati ya maandishi ya mzee, sura iliyomhusu Semeni ilikuwa ndefu kuliko zote. Hapendi maziwa kwenye chai. Ana kovu la pasi mkono wa kushoto. Hupiga mluzi akifikiri, na usimkataze, mama yake atamkataza. Aliogopa mbuzi mpaka darasa la tatu. Mzee alikuwa ameandika kama mpima ardhi, sentensi fupi fupi, kila moja imesimamishwa kama kigingi. Na mwishoni kabisa: *Semeni amefariki. Tulimzika mimi na mama yake. Usimtafute.*

Mwajabu aliuweka mstari ule kwenye kivuli cha bluu, akabonyeza kufuta. Sanduku likauliza, kwa upole wote wa mashine: *Kilua, una uhakika?*

Kidole kilibaki hewani. Alihisi macho ya yule mama kwenye mgongo wake, na hakika kama mtu angemuuliza wakati ule, asingejua kusema nani ana haki. Mwanamke yule alikuwa amebeba msiba wa watu wawili peke yake. Mstari mmoja. Nani angejua?

Alibonyeza *Rudi*. Akasimama.

"Ngoja nimpelekee baba chai," alisema. "Nipe dakika chache, mama."

Mzee Kilua alikuwa bado langoni. Kwa karibu Mwajabu aliona kwamba koti lilikuwa limeloa mabegani na vidole vyake vilikuwa vimepauka kwa baridi. Chini ya kigoda palikuwa na bakuli la makande lililofunikwa kwa kawa, limejaa kama lilivyopakuliwa.

"Hujala, baba."

"Nitakula naye." Alikipokea kikombe, akakishika tu bila kunywa. "Barabara ile ina kona mbaya. Niliipima mwenyewe. Niliwaambia mlima ule hauna mizizi, wasipitishe hapo." Wimbo ulikuwa umemkatika kabisa. Kumbe aliimba kama watu wanavyoimba gizani. "Yule dada wa ndani ni mtu mwema. Ananiambia, anakuja sasa hivi, anakuja sasa hivi. Lakini akisema hivyo hanitazami."

Mwajabu alichuchumaa mbele yake.

"Wewe umepanda leo," mzee alisema. "Umemwona njiani?"

"Sikumwona, baba."

Mzee alimwangalia machoni muda mrefu, kama mtu anayesoma kipimo kwenye mizani. Kisha akaitikia kwa kichwa taratibu, akanywa funda moja la chai.

"Ahsante," alisema. "Wewe umenitazama."

*

"Siwezi, mama," Mwajabu alisema aliporudi chumbani. "Niliingia. Likaniita kwa jina lake, likaniuliza kama nina hakika. Sina. Na anakaa pale na baridi yote ile, hali chakula, ana hofu. Hafurahi kama unavyodhani. Anaogopa."

Mama Semeni aligeuka akiwa amewaka. "Wewe utashuka na gari lako la waya! Jioni utakuwa kwako unakula ubwabwa. Mimi ndiye nitakayebaki hapa na kilio. Umezaa wewe?"

"Sijazaa."

"Basi usinifundishe."

Mwajabu aliinamisha kichwa akaipokea kauli hiyo, kwa kuwa ilikuwa kweli. Alingoja. Jiko la umeme jikoni lilitoa mlio mdogo, likazimika. Yule mama alirudi kukaa kitandani, na hasira ikawa imemwishia kama maji kwenye mchanga.

"Nisamehe, mwanangu."

"Hujanikosea. Nisikilize kidogo. Kuna kilicho chako kwenye sanduku hili. Akaunti yako ya mlezi. Haiwezi kubadili alichokiandika, lakini inaweza kukiambia kinong'ono kinyamaze. Tunaweza kukiagiza, akiuliza habari za Semeni, kisijibu. Kimwachie mtu wa nyumbani."

"Mimi?"

"Wewe."

"Nimdanganye mimi badala ya mashine kumwambia kweli?"

"Au umwambie. Hilo siwezi kukuwekea kwenye kanuni, mama. Ni lako."

Mama Semeni alitazama ukutani. "Unajua, sijawahi," alisema hatimaye, kwa mshangao, kana kwamba ndiyo kwanza analigundua. "Miaka yote hii sijawahi kumwambia. Lile lidude hunitangulia. Mimi huja nyuma na leso."

Wakafanya kazi iliyobaki. Mwajabu alimpa nafasi ya kiti, akageukia dirishani, na yule mama akaweka nywila mpya ya kinong'ono, kisha ya kwake mwenyewe. Kwa akaunti yake akaliagiza sanduku, Mwajabu akimsomea hatua moja baada ya nyingine, kwamba kwa jina la Semeni kinong'ono kikae kimya.

"Na ya Kilua?" aliuliza. "Yake tunaiwekea neno gani?"

"Tunaiacha bila neno."

"Halafu?"

"Nikishalifuta *amini*, bawabu atamuuliza kila anayekuja kwa jina hilo, na hakuna jibu litakalokuwa sahihi. Na sheria inaruhusu *amini* mara moja tu kwa kila sanduku, kwa hiyo hataingia mtu tena. Wewe, mimi, wala shirika. Alichokiandika kitabaki kama alivyokiandika."

Yule mama alielewa. Mkono wake ulikuwa juu ya meza, karibu na kibodi, na Mwajabu hakumharakisha. Ukungu ulikuwa unapita dirishani kwa mafungu. Mwisho Mama Semeni alivuta mkono, akauweka mapajani.

"Funga," alisema.

Mwajabu alilifuta neno *amini*, akamwamuru bawabu asome upya, akarudisha waya wa mtandao mahali pake.

"Sasa jaribu. Lakini kwanza andika neno la uongo."

"La uongo? Kwa nini?"

"Tuone kama anakataa. Mlango unaofunguka haujathibitisha kitu mpaka uuone unavyokataa."

Mama Semeni aliandika upuuzi fulani. Mstari mwekundu ukatoka, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka, kicheko cha msichana. Kisha akaandika lile la kweli. Bawabu akauliza, akalinganisha, akafungua.

*

Walimsikia kabla hawajamwona. Miguu yake ilikuja haraka kwenye kokoto za uani, mlango wa sebule ukagonga ukuta, na Mzee Kilua akasimama kwenye mlango wa chumba, taa ya kijani ikiwaka nyuma ya sikio, kofia mkononi.

"Mama Semeni!"

"Abee, mume wangu."

"Mbona umekonda hivi? Nimetoka kidogo tu nakuta umekonda!" Alimwendea, akamshika mabega, akamgeuza huku na huku kama anayekagua nguo mpya. Mama Semeni alimwacha amgeuze. Alikuwa anacheka na analia, na mzee akawa anamfuta uso kwa kofia yake iliyoloa, akimzidishia maji badala ya kuyapunguza.

Halafu mikono yake ikasimama.

"Mama Semeni," alisema tena, polepole, akilisikiliza jina. "Semeni yuko wapi? Nilikuwa namsubiri langoni."

Taa ya kinong'ono ilipepesa mara moja. Mzee aliinamisha kichwa upande, akingoja sauti. Haikuja. Akamtazama mkewe.

Mwajabu alijibanza ukutani. Alitamani awe popote ila pale, na hangeweza kutoka bila kupita katikati yao. Mama Semeni alimtupia jicho mara moja, jicho la mtu aliyesimama kwenye ukingo wa mto, na Mwajabu aliliona neno *njiani* likimjia kinywani. Aliliona likifika kwenye midomo.

"Kaa, Kilua," yule mama alisema.

Wakakaa kitandani. Akaichukua mikono ya mumewe, baridi vile vile, akaiweka ndani ya kanga yake.

"Nitazame. Semeni hatakuja. Alifariki, mume wangu. Mlima ulishuka barabarani, kwenye ile kona yako. Tulimzika pamoja, wewe na mimi. Hukumwacha peke yake hata kidogo."

Mzee hakulia mara moja. Alikuwa akiutazama uso wa mkewe, akiutazama wote, mikunjo na machozi na kila kitu, kwa umakini aliokuwa akiitazamia ardhi zamani. Kisha akaegemea mbele mpaka mapaji ya nyuso zao yakagusana, na sauti ikamtoka, ndogo, ya ndani sana. Mama Semeni alilia naye. Walilia hivyo kwa muda, na hakuna aliyekuwa mbele wala nyuma ya mwenzake.

Mwajabu alianza kukusanya zana zake bila kelele. Alikuwa amekwisha kuinua mfuko aliposikia mzee akizungumza.

"Uchungu gani huu kuusema," alimwambia mkewe. "Na wewe je, mama yake? Wewe nani alikuambia?"

Mama Semeni alishtuka. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza.

"Wewe," alisema.

"Mimi?"

"Walikupigia simu wewe. Nilikuwa uani nachambua mchele. Ukaja, ukanipokonya ungo, ukanikalisha chini, ukanishika mikono. Wewe ndiye uliyeniambia, Kilua."

Mzee alilifikiria jambo hilo. Lilikuwa limekwisha kumtoka, na kinong'ono kilikuwa hakina la kusema, kwa kuwa hilo hakuna aliyeliandika mahali popote.

"Nilikuambia vizuri?" aliuliza.

Mama Semeni alivuta ncha ya kanga, akamfuta yeye kwanza, kisha akajifuta mwenyewe.

"Uliniambia vizuri, mume wangu. Uliniambia vizuri sana."